Dakika ya Kwanza Ni Yenu: Namna ya Kutoka Katika Gari Linalozama

Mazungumzo kwa madereva wa teksi, waendesha bodaboda na wakazi wa mabondeni, Kampala

Tunajua kwamba kila saa ambayo gari limesimama bila abiria ni fedha iliyopotea, kwa hiyo tutasema jambo letu bila kulizungusha.

Jambo lenyewe huenda likawashangaza likitoka vinywani mwa polisi. Kila tunapokutana nanyi tunawahimiza mtupigie simu: mkiona moshi, mkiona mwizi, mkiona ajali. Leo tunasema kwamba liko tukio moja ambalo, likikupata, hupaswi kutupigia simu kwanza. Gari lako likiingia majini na kuanza kuelea, iache simu. Dakika utakayoitumia kubonyeza 999 na kueleza uko wapi ndiyo dakika pekee uliyo nayo ya kutoka, na hakuna kikosi cha uokoaji, si cha Uganda wala cha nchi tajiri, kinachoweza kukufikia ndani ya dakika hiyo. Tutakuja, na tutakuja kwa kasi. Lakini ukitungoja ukiwa umeketi ndani na mkanda umefungwa, yamkini tutakuja kuuopoa mwili.

Wengi wenu mnakumbuka yaliyotokea Mombasa, kwenye kivuko cha Likoni, Jumapili tarehe 29 Septemba 2019. Gari dogo lililowabeba mama na binti yake liliteleza kinyumenyume kutoka kwenye feri MV Harambee, ambayo ilikuwa katikati ya mkondo, likatumbukia baharini. Picha za video zilizopigwa na abiria zilienea Afrika Mashariki nzima. Gari lilionekana juu ya maji kwa muda mfupi, kisha likatoweka. Wanamaji wa Kenya, walinzi wa pwani na wapiga mbizi wa kujitegemea walitafuta kwa siku 13 kabla gari hilo halijainuliwa kutoka kina cha mita 58 hivi. Hatulitaji tukio hilo ili kuwalaumu marehemu, maana katika nchi zetu ni wachache mno waliowahi kufundishwa la kufanya katika hali kama ile. Tunalitaja kwa sababu ya hesabu yake: siku 13 za waokoaji wenye vyombo na ujuzi, dhidi ya muda mfupi ule wa gari kuelea.

Mtu anaweza kusema kwamba Mombasa ni mbali na sisi hatuna bahari. Ni kweli. Lakini mji wetu umejengwa juu ya vilima, kila kilima kina bonde lake, na mabonde mengi yalikuwa vinamasi kabla hayajawa mitaa. Mvua ikinyesha Nakasero na Kololo, Makerere na Mulago, maji hayana pa kwenda ila kuteremka Bwaise, Kalerwe, Ndeeba na eneo la Clock Tower. Mfereji wa Nakivubo huyapeleka hadi ziwani upande wa Luzira; kinamasi cha Lubigi huyapokea yale ya kaskazini na magharibi. Mifereji ikifurika, maji hulala juu ya lami na juu ya mfereji kwa usawa mmoja na rangi moja, wala huwezi tena kujua barabara inaishia wapi. Hapo ndipo hutumbukia hata dereva aliyepita njia hiyo kwa miaka kumi. Mafuriko ya tarehe 26 Machi 2025 yaliwaua watu katika mji huu huu, na majira ya mvua hutujia mara mbili kila mwaka, Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba.

Upande wa pili tuna Ziwa Victoria. Ggaba, Munyonyo, Port Bell, Kigo, Entebbe: kote huko watu huegesha magari mialoni, huyaosha ukingoni, au huyarudisha nyuma hadi karibu na maji ili kupakia samaki na mizigo. Mteremko ni mkali, udongo umelowa, na breki ya mkono ya gari kuukuu si ya kuaminika.

Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Gari nalo, pamoja na uzito wake wote, ni chungu mbele ya maji yanayokwenda kasi. Maji ya kina cha sentimita 15, yasiyofika hata nusu ya mguu kuelekea gotini, yakikimbia huweza kumwangusha mtu mzima. Ya sentimita 30 huweza kulisukuma gari dogo likaacha barabara. Ya sentimita 60 huyachukua magari mengi, yakiwemo yale marefu ya magurudumu manne, ambayo wenyewe hudhani kwamba urefu wa gari ni leseni ya kupita popote. Sababu ni kwamba gari ni sanduku lililojaa hewa. Maji hayalipandi tu, bali hulinyanyua, na likishanyanyuliwa, usukani na breki havina kazi tena.

Sasa tuseme limekwisha kuingia. Liko ndani ya maji marefu, ziwani au kwenye mfereji uliofurika. Ni nini hutokea?

Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, nchini Kanada, ametumia miaka mingi akiyatumbukiza magari majini yakiwa na watu ndani, waliojitolea, huku wapiga mbizi wakiwalinda, ili ajue jibu la swali hilo. Aliyoyaona ni haya. Gari halizami kama jiwe. Huelea kwanza, na huelea kwa muda wa kati ya sekunde 30 na dakika mbili. Katika muda huo maji hayajafika kwenye madirisha, nayo madirisha bado yanafunguka. Baada ya hapo pua ya gari huinama, kwa kuwa injini ndiyo yenye uzito, maji hufika kwenye vioo, na kuanzia hapo kila kitu huwa kigumu. Ndiyo maana tumezungumza juu ya dakika moja. Usiihesabie dakika ya pili, maana huenda gari lako likawa miongoni mwa yale ya sekunde 30.

La kufanya katika dakika hiyo ni mambo matatu, nayo yanafuatana: mkanda, dirisha, toka.

Fungua mkanda wako. Shusha kioo cha dirisha lililo karibu nawe, mara moja, kabla ya kufikiri jambo jingine lolote. Madirisha ya umeme hayazimiki papo hapo gari linapogusa maji. Kwa kawaida huendelea kufanya kazi kwa muda. Kinachoyazuia ni uzito wa maji yakishakibana kioo kutoka nje. Kwa hiyo adui yako hapo ni kuchelewa. Kisha toka kupitia dirishani. Kaa juu ya ukingo wa dirisha uso ukielekea ndani, shika paa kwa mikono miwili, jivute, vuta miguu. Mtu mnene naye hupita, ingawa yeye mwenyewe anaweza kuwa na shaka. Katika majaribio ya huko Kanada, watu wazima watatu pamoja na sanamu ya mtoto walitoka kupitia dirisha moja tu chini ya dakika moja.

Tukifika hapa kila mtu huuliza: kwa nini nisifungue mlango? Mlango ndio mkono ulioujua tangu siku ya kwanza ya kupanda gari, na mkono uliotishika hurudia ulichozoea. Sikilizeni hesabu hii. Chukueni mlango wenye upana wa mita moja. Maji yakifika nusu mita juu yake kwa nje, na ndani kukiwa bado kukavu, yanausukuma kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 125 hivi. Yakifika mita moja, nguvu haiongezeki mara mbili, bali mara nne: kilo 500, yaani magunia matano ya mahindi yameegemea mlango ambao wewe unataka kuusukuma kwa bega moja ukiwa umeketi. Na kama una nguvu za ajabu ukaufungua katika sekunde zile za mwanzo, ndipo unapowadhulumu wenzako. Maji hujaa ghafla kupitia upenyo huo, na gari ambalo lingeelea dakika nzima huzama kwa sekunde chache. Wewe umetoka, na watoto walioko kiti cha nyuma wamebaki.

Liko fundisho la zamani ambalo bado linatembea vijiweni, nalo husema: tulia, subiri gari lijae maji, ndipo mlango utafunguka kwa urahisi. Lina chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayolifanya liwe la hatari. Ni kweli kwamba maji yakijaa ndani sawa na nje, msukumo husawazika na mlango huweza kufunguka. Lakini fikirini maana yake: uketi gizani, maji ya matope yakikupanda kifuani, shingoni, hadi darini, ushikilie pumzi, kisha utafute mpini wa mlango kwa kupapasa ilhali gari limeinama au limepinduka. Mpiga mbizi aliyezoezwa anaweza. Mama aliyetoka sokoni na watoto wawili hataweza. Sisi tunasema njia hiyo ni ya aliyekosa njia nyingine zote. Ikikufika, usiikatae: vuta pumzi ya mwisho, usiuachie mpini mkono ukishaushika, sukuma kwa miguu, na ukishatoka fuata mapovu, maana mapovu hupanda juu hata wewe usipojua juu ni wapi. Lakini usiipange tangu mwanzo.

Wengine wametuuliza kuhusu kile kiegemeo cha kichwa kilicho juu ya kiti, kwamba kimetengenezwa kwa kusudi la kuvunjia kioo. Hakikutengenezwa kwa kusudi hilo. Kiliwekwa kulinda shingo yako ukigongwa kutoka nyuma. Vile vyuma vyake viwili vinaweza kumsaidia mtu mwenye bahati, lakini kukichomoa huchukua muda, na katika magari mengine hakichomoki bila kubonyeza kitufe ambacho hujawahi kukitafuta.

Kuvunja kioo ni jambo la kulijua vizuri, kwa sababu dirisha huweza kukataa kushuka. Vioo vya gari si vya namna moja. Kioo cha mbele kimetengenezwa kwa tabaka mbili zilizogandishwa juu ya utando wa plastiki. Ndiyo maana kikipigwa na jiwe hupasuka kama utando wa buibui lakini hakimwagiki. Hicho usipoteze nguvu zako juu yake. Vioo vya pembeni vya magari mengi tunayoendesha hapa ni vya namna ya pili, vilivyokazwa kwa joto, ambavyo vikipigwa mahali pamoja kwa kitu chenye ncha ngumu husambaratika vyote kuwa punje ndogo. Hivi ndivyo vya kuvunja, nawe ulenge pembeni, karibu na kona, si katikati. Lakini magari mapya yanazidi kuwekewa vioo vya tabaka mbili hata pembeni. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilijaribu mwaka 2019 vifaa sita vya kuvunjia vioo vinavyouzwa madukani: vinne vilivunja kioo kilichokazwa kwa joto, wala hakuna hata kimoja kilichovunja kile cha tabaka mbili. Kwa hiyo mkirudi kwenye magari yenu leo, tazameni kona ya chini ya kila kioo. Pana maandishi madogo yanayosema ni cha namna gani. Ukikuta vya pembeni ni vya tabaka mbili, jua kwamba kwako dirisha lazima lishuke mapema, kwa sababu halitavunjika.

Kifaa chenyewe ni kidogo na si ghali. Viko vyenye umbo la nyundo na viko vyenye springi ndani, ambavyo ukivikandamiza kwenye kioo hupiga vyenyewe. Tungewashauri mchague vya springi, kwa kuwa nyundo huhitaji mkono upate nafasi ya kuzunguka, na chini ya maji mkono hauna kasi. Chenye wembe wa kukatia mkanda ni bora zaidi. Kifungwe mahali ambapo mkono wa dereva unafika akiwa ameketi. Kilichotupwa kwenye buti, chini ya tairi la akiba, hakina msaada wowote.

Ndugu zetu wa teksi, sasa tunazungumza nanyi hasa. Gari lenu lina abiria 14, na katika wengi tuliowaona, viti vya kukunja vikishakunjuliwa hapana njia ya kupita katikati. Mlango wa pembeni ni mmoja, nao tumeshaeleza habari ya mlango. Kinachobaki ni madirisha yale ya kusukuma pembeni, na hapa tunasema waziwazi: mengi hayafunguki. Yamegandishwa kwa gundi ili yasipige kelele, au yamebandikwa karatasi za kuzuia jua hadi kwenye reli, au vumbi la miaka mitano limeyashika. Abiria wa kiti cha nyuma kabisa amezungukwa na vioo visivyofunguka, na mlango wa buti nyuma yake umezibwa na mizigo. Dereva akisema kwamba yeye haendi ziwani, tunamkumbusha kwamba mfereji wa Nakivubo hauko ziwani. Fungueni madirisha yale. Yatieni mafuta. Konda, ambaye ndiye anayeita watu na kupokea nauli, ndiye pia atakayepaza sauti moja siku hiyo: "Mikanda! Madirisha! Watoto kwanza!" Watu walioshikwa na hofu huweza kumtii anayetamka neno fupi kwa sauti kubwa. Hawamsikii anayeeleza.

Nanyi abiria mna haki ambayo hamuitumii. Tarehe 4 Desemba 2021, huko Mwingi nchini Kenya, basi lililojaa wanakwaya na jamaa zao waliokuwa wakienda harusini lilifika kwenye Mto Enziu, ambao ulikuwa umefurika juu ya daraja. Watu walikuwa wamesimama ukingoni wakitazama. Dereva aliliingiza basi majini. Likasogea, likayumba, likalala upande wa chini wa mkondo, na zaidi ya watu 30 wakafa, watoto wakiwemo. Abiria akiona maji juu ya barabara yana haki ya kusema "nishushe hapa," na dereva hana mamlaka ya kumkatalia. Nauli yake aidai baadaye. Na pale askari wa barabarani anapokuzuia mbele ya maji huku wewe ukiona kwamba lori limetangulia na likapita, tunajua mnavyotununia na mnayoyasema kioo kikishapanda. Lori lile lina tani kumi za saruji. Wewe una abiria 14.

Usiku ni vibaya zaidi, kwa sababu maji yaliyotulia juu ya barabara yanaweza kuwa yamefunika barabara ambayo haipo tena. Mei 2023 Mto Katonga ulilisomba tuta la barabara kuu ya Kampala kwenda Masaka kwenye daraja, njia ikafungwa, na magari yakalazimika kuzunguka mbali kupitia Sembabule. Ile ni barabara ambayo kila mmoja wenu ameipita. Aliyeizoea angesema pana lami chini ya maji.

Turudi ndani ya gari, maana hatujasema habari ya watoto, na hili ndilo gumu kuliko yote. Watoto hutoka kwanza, kabla ya mtu mzima yeyote. Mtu mzima akitoka kwanza kwa nia ya kuwavuta kutoka nje, gari huzama likiwa nao. Ukiwa na watoto kadhaa waliofungwa mikanda, mfungulie mkubwa kwanza, kwa sababu yeye anaweza kujisaidia na kukusaidia na wadogo zake wakati wewe unashughulika na wengine. Mtoto aliyebebwa mgongoni kwa kitenge mhamishie mbele, kwa kuwa mama hawezi kupita dirishani akiwa naye mgongoni. Mpitishe nje, umkalishe juu ya paa au umkabidhi aliyetangulia, kisha ufuate. Na liko jambo dogo la kutengeneza leo: magari mengi yana kitufe karibu na dereva kinachozuia madirisha ya nyuma yasishushwe na watoto. Ni kitufe kizuri safarini. Gari likiwa majini ndicho kitakachowafungia. Dereva akijue kilipo, akiguse hata gizani, na awe na mazoea ya kushusha madirisha yote manne yeye mwenyewe.

Mwenye kupita kando ya ziwa au kwenye barabara iliyotapakaa maji afanye jambo jepesi zaidi: ashushe madirisha kabla hajafika. Kulowa nguo si hasara. Na kwenye feri, iwe ya Kalangala, ya Bukakata au ya Nakiwogo, gari likishafungwa breki na kuwekewa vizuizi magurudumuni, watu washuke na kusimama nje hadi chombo kifike ng'ambo. Tunafahamu kwamba kuna jua, na kwamba mtoto amelala kiti cha nyuma. Mbebeni.

Umetoka. Kama gari linaendelea kuzama, jisukume mbali nalo. Kama limekwama na maji yanapita, panda juu ya paa ubaki hapo. Usijaribu kutembea ndani ya maji yanayokimbia, kwa sababu mguu ukinasa kwenye jiwe au kwenye shimo la mfereji, mkondo utakulaza. Aprili 2024, kwenye barabara ya Garissa nchini Kenya, basi lenye abiria 51 lilisukumwa na mafuriko nje ya njia. Abiria walipanda juu ya paa, wakangoja, na wote 51 wakaokolewa kwa mashua. Sasa ndipo simu inapofaa. Piga 999 au 112, taja mahali kwa jina la mtaa na kitu kinachoonekana, sema mko wangapi na wangapi bado wamo ndani. Kikosi cha zimamoto na uokoaji ni cha polisi, na polisi wa majini wako Kigo. Ukitupigia namba hizo sisi ndio tutakaowaita, huna haja ya kujua ni nani anayehusika.

Asiyejua kuogelea naye atoke. Tumesikia watu wakisema, "Mimi sijui maji, bora nibaki ndani." Ndani ya gari maji yatakufuata na hutakuwa na kitu cha kushika wala mtu wa kukuona. Nje kuna paa, kuna mzigo unaoelea, kuna watu ukingoni.

Hao wa ukingoni ni ninyi pia, kwa kuwa kila mmoja wetu ana nafasi kubwa zaidi ya kuwa shahidi kuliko kuwa ndani ya gari. Tunawasihi mambo mawili. La kwanza, msijitupe majini. Mfa maji hukamata maji, na akikukamata wewe mtazama wawili. Kijana hodari aliyeruka kumwokoa jirani hufa mara nyingi pamoja naye. La pili, msisimame mkipiga picha. Katika kila nyumba ya mji huu lipo jerikeni la manjano la lita 20. Likiwa tupu na kifuniko kimekazwa, humwelesha mtu mzima kichwa kikiwa juu ya maji. Lifungeni kamba, limwageni maji yote ila kiasi cha kikombe kimoja ili liwe na uzito wa kurushika, mlirushe mbele ya mtu huyo upande anakoelekea na mkondo, mmwambie alikumbatie kifuani. Kisha vuteni taratibu, nanyi mkiwa mmelala au mmeketi chini ili asiwavute. Tungependa kila kituo cha teksi na cha bodaboda kilicho karibu na mfereji kiwe na majerikeni mawili na kamba ya mita 20, vikiwa vimetundikwa mahali ambapo havitachukuliwa kuchotea maji. Hili la mwisho tunaliachia wenyeviti wa LC, kwa kuwa wanawajua watu wao kuliko sisi.

Na kama gari bado linaelea na walioko ndani wameganda kwa hofu, sauti yenu yafika mapema kuliko kamba. Msipige mayowe tu. Pigeni kelele za maneno: "Shusha kioo! Fungua mkanda! Toka dirishani!" Yatamkeni kwa Kiswahili, kwa Kiganda, kwa lugha yoyote atakayoisikia.

Tumeegesha magari mawili pale nje, dogo moja na teksi moja, ambayo wenyewe wametukubalia tuyatumie. Tunaomba kila dereva aingie, afunge mkanda na kufumba macho. Askari mwenye saa akisema "maji," afungue mkanda na kushusha kioo kwa kupapasa. Atakayepita sekunde kumi atarudia. Wenye watoto waje na watoto wao, na makonda waanze na teksi, kiti cha nyuma kabisa.